Daftari la Mahame

Hoja iliyo mezani ni fupi: vijiji vya milimani vilivyohamwa, kuanzia Kabare na Walungu hadi Kalehe, Mwenga, Uvira na Fizi, viandikwe kwenye daftari, kila kimoja kwa jina lake, mahali kilipokuwa na sababu ya watu kuondoka. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hoja hii husikika msibani, harusini na penye pombe ya kasiksi, kwa kuwa karibu kila nyumba ya Panzi, Kadutu au Bagira ina mtu anayesema "kwetu" huku akionyesha mlima ambao hajaukanyaga kwa miaka. Sauti nne zinazofuata zimetungwa, lakini mabishano yenyewe ni ya mji mzima. Mwalimu ni mstaafu wa somo la historia, mzaliwa wa Walungu. Mama anauza maharage soko la Kadutu, asili yake Nindja. Mpimaji amezeeka katika kazi ya mipaka ya viwanja. Kijana anasoma sheria. Kijiji cha babu yake anakijua kwa masimulizi tu. Mwandishi ataingilia pale atakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Nianze na tatizo la macho. Ukimwambia mtu twende tukaone hame, anatazamia kuta zilizobomoka. Milima yetu haina kuta za namna hiyo. Nyumba ya miti, matete, udongo na nyasi ikikosa moshi wa jikoni, mchwa huingia, paa huanguka, mvua humaliza kazi. Baada ya misimu michache huoni kitu ila mteremko kama miteremko mingine. Kinachobaki ni mimea: migomba iliyozeeka bila kupogolewa, mparachichi peke yake katikati ya majani, mikaratusi iliyosimama kwa mstari mahali pasipo na njia. Halafu kwetu Bushi, nchi ya Washi, kijiji hakikuwa lundo la nyumba. Kila mji, yaani makazi ya familia moja, ulikaa ndani ya migomba yake, jirani ukamsikia kuliko kumwona. Kwa hiyo hakuna siku moja ambayo utasema leo kijiji kimehamwa. Kinahamwa mji baada ya mji, hadi anayebaki anagundua kwamba jogoo anayewika ni wake tu.

Hapo ndipo daftari linapohitajika. Mahali pasipo na kuta ni rahisi kuitwa patupu. Na neno hilo, patupu, lina historia ndefu kwenye sheria za nchi hii. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ikiwa bado changa kabisa, ilitolewa amri kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya Dola. Nani aliulizwa kama inakaliwa? Shamba lililopumzishwa, malisho ya kiangazi, msitu wa kuwindia, vyote vilionekana havina mtu. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Kando ya Ziwa Kivu na juu ya Kabare yakaota mashamba ya kahawa, chai na miti ya kwinini. Chini ya baadhi ya mashamba hayo kulikuwa na miji ya watu.

MPIMAJI: Mwalimu, hayo nayakubali yote, na bado nasema daftari lako halitaandikika. Utaandika kijiji cha mwaka gani? Zamani watu walihama bila kufukuzwa na yeyote. Udongo ulichoka, walihama. Mkubwa alikufa, walihama. Sotoka ilipomaliza ng'ombe miaka ya 1890, milima mizima ilibadilisha wenyewe. Kule Urega, upande wa Mwenga, vijiji vilikaa juu ya migongo ya vilima, vikasogea kadiri mashamba yalivyosogea. Kijiji kilikuwa ni watu na jina, mahali palifuata. Kisha Wabelgiji wakawashusha watu wapange nyumba kando ya barabara, wapate kuhesabika, kutozwa kodi na kuitwa kazini. Sasa niambie: mtu wa Mwenga anayesema kijiji chetu kimehamwa mwaka 1998, anazungumzia kile cha barabarani, ambacho nacho kilianza kwa kuhamwa kile cha mlimani. Daftari liandike kipi?

MWALIMU: Vyote viwili.

MPIMAJI: Ndivyo wasemavyo watu wasiobeba vyombo vya kupimia.

MWANDISHI: Naingilia mapema kwa sababu Mpimaji ana hoja nzito kuliko dhihaka yake. Anayesimulia vijiji vilivyohamwa hupenda kuanza na picha ya mwanzo ambapo kila mtu alikaa mahali pake, kisha balaa likaja. Picha hiyo si ya kweli Kivu, wala Tanzania, ambako kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa kutoka miji iliyotawanyika wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Mahame ya huko yalizaliwa siku ileile vilipozaliwa vijiji. Lakini kuhama kwa kupenda na kuhamishwa ni mambo mawili, na tofauti yake hukaa kwenye swali moja: aliyeondoka aliweza kurudi? Aliyefuata udongo mzuri aliacha migomba yake nyuma, na mtoto wake aliweza kwenda kuikata. Hilo ndilo lililokatika.

MAMA: Ninyi mnaanza na miaka. Mimi nianze na ng'ombe.

Kijiji hakifi kwa bunduki siku ya kwanza. Watu wenye silaha wanatoka msituni usiku, wanachukua ng'ombe. Asubuhi watu wako hai wote, mnamshukuru Mungu. Lakini ng'ombe ndiye aliyekuwa na mbolea. Bila mbolea, migomba inazaa vidole kama vya mtoto, maharage yanakuwa majani matupu. Mwaka wa pili wanachukua mbuzi. Halafu kuku. Halafu wanaona hakuna cha kuchukua, wanachukua mabinti. Hapo ndipo baba anapowatuma wasichana mjini kwa shangazi, waanze na kubeba mizigo sokoni. Tunaobaki tunalala porini, mchana tunalima. Mvua inatunyeshea tukiwa na watoto mgongoni. Mwalimu wa shule hawezi kulala porini mwaka mzima, anaondoka. Shule ikifungwa, mwenye watoto naye anaondoka. Soko linakosa watu, muuza chumvi hapandi tena. Anabaki mzee mmoja na mke wake, wanasema hatuondoki, makaburi yetu yako hapa. Hao ndio mnaosikia kwenye redio kwamba wameuawa.

Kaniola, kule Walungu, waliishi hivyo miaka. Usiku ule wa Mei 2007 walipochinjwa watu, redio zilitangaza kana kwamba jambo limetokea jana. Kaniola ilikuwa imeanza kuhamwa siku nyingi, ng'ombe walikuwa wameshatangulia.

KIJANA: Mama, kwenu Nindja kulikuwa hivyo hivyo?

MAMA: Nindja, mwanangu, tulihamishwa mara mbili, na mara ya kwanza hatukusogea hata hatua. Mwaka 1975 baba yangu alilala mkulima akaamka mwizi wa msitu. Hakuna aliyepanda kumwambia. Alikuja kujua baadaye kabisa, walinzi walipofika wakasema hapa ni ndani ya Hifadhi.

KIJANA: Hilo lina tarehe kamili. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa tarehe 30 Novemba 1970, ikiwa na hekta 60,000 za mlimani. Tarehe 22 Julai 1975 ikapanuliwa kufika hekta 600,000, mara kumi yake, ikashuka hadi misitu ya chini upande wa Shabunda, na sehemu ya juu na ya chini zikaunganishwa na ukanda mwembamba unaopita Nindja. Kwenye ramani ulikuwa ukanda wa wanyama kupita. Mwaka 1980 Unesco ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka 1997 ikaiweka pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

MAMA: Wanyama kupita! Tulioona wakipita ni ng'ombe wa wakubwa. Maskini aliambiwa hapa ni Hifadhi, mwenye karatasi kutoka mjini akapata shamba la ng'ombe ndani ya Hifadhi hiyohiyo. Ndiyo maana nawaambia, kuandika jina la kijiji chetu si kazi. Andikeni jina la anayekaa hapo sasa.

MPIMAJI: Sasa Mama ameingia kwenye kazi yangu, na mnisikilize. Bushi mtu hakuwa na ardhi kwa kuwa tu amezaliwa hapo. Alitoa ng'ombe kwa mkuu wa mlima, kwa jina la Mwami, yaani mfalme, akapata kalinzi: ardhi ya kukaa na kurithisha. Asiyekuwa na ng'ombe alipata bwasa, kukodi kwa msimu, na mwenye bwasa alikatazwa kupanda migomba, maana mgomba hukaa miaka mingi na anayeupanda anatangaza kwamba anakaa. Wakati wa Wabelgiji ikazuka bugule, kuuza na kununua moja kwa moja. Kwa hiyo ile migomba ambayo Mwalimu anaisoma kama mabaki ya kijiji ilikuwa pia hati ya umiliki, hati iliyopandwa ardhini. Ndiyo maana akina Mama wanaumia mara mbili. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia nchini, ukionekana kwanza Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka kwetu, uliua chakula na ukaua ushahidi.

Na msinitazame kana kwamba sheria ingetuokoa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Dola, pamoja na ile inayokaliwa na jamii za vijijini. Haki za jamii hizo zilitakiwa kufafanuliwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Mkulima wa kalinzi akabaki kwenye ardhi ambayo mila inamtambua na karatasi haimjui. Akikimbia vita miaka 3, mila nayo inaanza kumsahau, kwa sababu mkuu wa mlima ameshapokea mbuzi wa mwingine. Mimi nimeitwa mara nyingi kupima mashamba ya namna hiyo. Kila upande una mashahidi, na mashahidi wa pande zote mbili wanasema kweli.

MWALIMU: Basi unatetea daftari bila kujua.

MPIMAJI: Ninaogopa daftari kwa kujua.

KIJANA: Niruhusiwe kumpinga Mwalimu kwa heshima. Mwalimu umesema hame hutambuliwa kwa migomba na miti ya kupandwa. Kwa kipimo hicho, Wambuti, hao ambao vitabu huwaita Batwa, hawakuwahi kuwa na kijiji. Hawakupanda migomba. Waliishi ndani ya msitu wa Kahuzi, walihamisha kambi kufuata asali na mawindo, na walipotolewa miaka ya 1970 hawakulipwa kitu, kwani machoni mwa wenye ramani hapakuwa na cha kulipia. Hata majirani wakulima waliliona jambo hilo kuwa la kawaida. Leo wanaishi pembeni mwa mashamba ya wengine, Kabare na Kalehe. Oktoba 2018 baadhi ya familia zilirudi ndani ya Hifadhi kwa nguvu. Watu wakafa, Wambuti na walinzi, na miti ikakatwa kwa makaa, tena makaa mengine yaliuzwa hapa Bukavu tukapikia. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kwamba Kongo ilivunja haki zao. Daftari lako lingewaandika wapi?

MWALIMU: (baada ya kufikiri) Kwenye ukurasa wa kwanza, na kwa kipimo kingine. Umenishika vizuri. Nimesema nayachukia maneno ya 1885, kumbe kipimo changu ni kilekile: pasipo mgomba hapana mtu. Tuweke majina ya vijito, mapango, miti ya asali, mahali pa kutambikia. Mzee wa Kimbuti anayajua yote bila kuhitaji mparachichi.

KIJANA: Na wafugaji? Mji wa mfugaji kwenye nyanda za juu ni zizi na nyumba chache. Akihama na ng'ombe wake, majani yanaota vizuri zaidi pale zizi lilipokuwa. Jirani mkulima anaona majani tu.

MPIMAJI: Sasa tumefika pale nilipokuwa nawangoja. Nyanda za juu, Minembwe na Itombwe. Chukueni daftari lenu mpande nalo huko. Tangu 2017 vijiji vimechomwa kwa mamia ya nyumba, vya Wanyamulenge, vya Wabembe, vya Wafuliiru, vya Wanyindu. Julai 2020 Kipupu ilishambuliwa, watu wakauawa. Kila upande una orodha tayari. Ziko kwenye simu, pamoja na picha za moshi. Orodha ya huyu haina hata kijiji kimoja cha yule. Septemba 2020 walipoapisha meya wa komuni ya Minembwe, nchi nzima ilizizima kana kwamba mpaka umehamishwa, na Oktoba Rais akaisimamisha. Hiyo ilikuwa komuni ya vijijini, jambo la ofisi na mhuri. Na Mulenge je? Ni kijiji kimoja juu ya bonde la Ruzizi. Jina lake limebebwa na Wanyamulenge, na watu wengine wamesema hawana haki ya kulibeba, na ubishi huo umekula vizazi viwili. Mnataka kuandika majina 1,000 ya namna hiyo?

MWALIMU: Na usipoyaandika yanakuwa hayapo?

MPIMAJI: Yanakuwepo, lakini bila mhuri. Mhuri ndio unaoua.

MWANDISHI: Ninakaa upande wa Mwalimu hapa, japo kwa shingo upande. Orodha za upande mmoja hustawi hasa kwa kuwa hakuna orodha ya pande zote. Aliyechomewa kijiji na asione kikiandikwa mahali popote isipokuwa kwa watu wa kabila lake ataamini kwamba kabila lake tu ndilo linalojua kilichotokea. Kasika, katika sheferi ya Lwindi wilayani Mwenga, watu waliuawa kwa mamia tarehe 24 Agosti 1998, Mwami wao akiwemo. Makobola, Fizi, mwaka ulipokuwa ukigeuka kuingia 1999, ilikuwa vilevile. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 iliyaandika mauaji hayo pamoja na mengine mamia kote nchini. Ripoti hiyo iliorodhesha mauaji na mahali yalipotokea, nayo ilikuwa kazi kubwa. Lakini waliookoka wakakimbia, mashamba yao yakalimwa na nani, nyumba zao zikajengwa upya na nani au hazikujengwa, hilo halikuwa swali lake. Historia ya hame huanzia pale ripoti ya mauaji inapoishia.

MAMA: Mnasema daftari, daftari. Kule Luhwindja daftari lilipatikana bila mjadala.

KIJANA: Twangiza?

MAMA: Twangiza. Penye dhahabu. Kampuni ya Kizungu ilipotaka kuchimba, watu walihesabiwa, nyumba zikahesabiwa, mgomba ukapewa bei, mti wa avoka ukapewa bei. Mimi nilikuwa na mteja wa huko, akinieleza nacheka: hata mti wa avoka! Nindja hakuna aliyetuhesabia jani.

KIJANA: Ni Banro ya Kanada, ilianza kutoa dhahabu Twangiza mwaka 2011. Familia zilipelekwa Cinjira, juu zaidi, kwenye baridi. Na fidia zenyewe zilizua malalamiko.

MAMA: Najua zilizua. Sisemi walifurahi. Nasema waliandikwa. Kumbe wenye nchi hii wanaweza kuhesabu migomba wakitaka.

MPIMAJI: Hiyo nakuachia, Mama. Sina jibu.

KIJANA: Mimi nina swali ambalo litaonekana baya. Tuseme mmeandika vyote. Mnataka watu warudi? Nauliza kwa sababu mimi sirudi. Nimezaliwa Panzi, nyumba yetu imebanwa kati ya bonde la mmomonyoko na ukuta wa jirani, maji tunanunua kwa jerikani, mvua ikinyesha usiku mama yangu halali. Bado sirudi. Sijui kushika jembe la kuteremka kwenye mteremko. Wenzangu ni hivyo hivyo. Na kuna mahali pasipofaa kurudiwa. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishusha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, Nyamukubi imejaa wageni. Walipatikana wafu zaidi ya 400, wengine wengi hawakuonekana tena. Juu ya vijiji vile msitu ulikuwa umeshaliwa na mashamba na makaa, na walioufungua walikuwa watu waliobanwa na Hifadhi, mashamba makubwa na vita, wakakosa pa kwenda ila mteremko. Mkiandika Bushushu kwenye daftari, mtaandika sababu gani ya watu kuondoka? Mvua?

MWALIMU: Mvua ndiyo sababu ya siku ile. Ya kwamba watu walikuwa pale, hiyo ni sababu ya miaka 50. Daftari likiwa na mstari mmoja wa sababu, litadanganya.

KIJANA: Basi liwe na mistari mingi.

MPIMAJI: Halafu mwende mkaandike na Kashusha.

MAMA: Kashusha si kijiji.

MPIMAJI: Kwa nini si kijiji? Kashusha na Inera, kambi za wakimbizi wa Rwanda kwenye barabara ya Goma, mwaka 1994 hadi Novemba 1996, zilikuwa na watu kuliko vijiji vingi vya Kabare vikikusanywa. Kulikuwa na soko, vinyozi, shule, kanisa, baa. Watoto walizaliwa pale, wakazikwa pale. Kisha ndani ya siku chache, vita vya waasi wa AFDL vilipofika, hapakubaki mtu. Walikimbilia porini kuelekea magharibi, wengi hawakufika popote. Leo ukipita na basi huoni kitu. Ni hame kubwa kuliko yote ya wilaya.

MAMA: Walikata miti yetu.

MPIMAJI: Walikata. Na wamo waliokuja na damu mikononi. Na wamo watoto waliozaliwa pale. Ninauliza tu kama daftari lenu lina nafasi ya mgeni.

(Hakuna aliyejibu mara moja. Mwandishi pia hakujibu, na bado hajapata jibu analoweza kulisimamia mbele ya watu wa Kashusha wa leo.)

KIJANA: Nilisema sirudi, lakini kuna jambo la kisheria ambalo Mpimaji ameliruka. Kuandikwa si lazima kumaanishe kurudi. Kenya, Waogiek waliotolewa msitu wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika, Arusha, mwezi Mei 2017, na Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe na ardhi yao ipimwe, wapewe kwa hati ya pamoja. Walishinda kwa sababu waliweza kuonyesha walikuwa wapi, waliitumia ardhi vipi, nani aliwatoa na lini. Utekelezaji unasuasua, najua. Lakini ushahidi wao haukukusanywa siku moja. Hapa kwetu mzee akifa Muhumba au Nyawera, anakufa na majina ya vijito 30 ya kule kwao. Mimi sitalima huko, ila nikiambiwa shamba la babu yangu lilikuwa patupu, ningependa kuwa na cha kujibu.

MWALIMU: Umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe.

MPIMAJI: Likae wapi? Mkilipeleka ofisi ya serikali, serikali gani? Mwaka 1998 mji huu ulikuwa wa waasi wa RCD, Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Kila anayeingia anakuta makabati na kuyafungua. Mkililaza parokiani, mnawatafutia mapadre kesi. Mkilipeleka Ulaya, mama huyu atalisoma lini?

KIJANA: Nakala nyingi, kila wilaya, na kila nakala iwe na kurasa za pande zote. Asiyetaka kuona kijiji cha jirani yake kwenye daftari, asipewe na chake.

MPIMAJI: Nani atashuhudia? Ndugu wa damu? Hao ndio niliokuambia wanasema kweli kinyume na kweli.

MAMA: Si ndugu. Mtu akija kuandikisha kijiji chake, msimwulize kabila, wala msimwulize baba wa babu yake alitoka wapi, maana hapo ndipo mnapoanza kupigana. Mwulizeni jirani yake alikuwa nani. Mpaka wa juu nani alilima, mpaka wa chini nani alichunga. Nani alimkopesha jembe. Halafu mkamtafute huyo jirani, aje aseme. Akikubali, andikeni.

MPIMAJI: Na kama jirani ndiye aliyechoma?

MAMA: Basi huyo anaujua mpaka vizuri kuliko wote. Mleteni.